Jumatatu za Ba

Nilikuwa nachagua bamia dukani Ghubra mwanamke kijana aliponishika mkono na kuniita Prosi. Jina hilo peke yake hakuna mtu Maskati aliyekuwa ameniita kwa miaka mingi. Shuleni ninakopika naitwa Mama Prosi, na walimu wengine wananiita Anti. Sikumtambua. Nilikuwa nimemwacha akiwa mtoto wa kutafuna ncha za nywele zake, na sasa alikuwa na miwani na kadi ya kazini shingoni. Alikuwa Mira, mjukuu wa Ba, yule bibi niliyemtunza; Ba ni mama kwa Kigujarati. Aliniambia kwamba amerudi Maskati kwa kazi, na kwamba bibi yake alifariki India mwezi uliopita, kitandani kwake, akiwa ameshakula. Aliyasema hayo kwa Kiingereza, watu wakitupita na vitoroli vyao. Nikampa pole kwa Kiswahili, maneno marefu, yote yaliyonijia, kisha nikakumbuka kwamba haelewi hata moja. Katika nyumba yao yote alikuwepo mtu mmoja tu wa kunielewa, na ndiye huyo tuliyekuwa tunamlilia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoingia nyumba ile. Katika ofisi ya wakala wasichana wenzangu waliulizwa kama wanajua kupika, kupiga pasi, kulea watoto. Mimi niliulizwa kama najua Kiswahili. Nikasema ninajua, maana Busia mpakani nilikuwa nimeuza samaki wakavu kwa Wakenya tangu nilipomaliza shule. Siku hiyohiyo Bwana Haresh alikuja kunichukua kwa gari lake, na njiani akanieleza shida yao, akiongea polepole kama mtu anayeogopa kuchekwa. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, lakini si hilo lililomtisha. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia Kigujarati chake chote. Alipofungua tena mdomo, wiki kadhaa baadaye, ilitoka lugha ya Unguja, alikozaliwa na kuishi mpaka alipoolewa na kuletwa Maskati akiwa na miaka kumi na saba. Daktari alisema hutokea, na kwamba huenda ile lugha nyingine ikarudi au isirudi. Haresh alizaliwa Maskati na hakuwahi kumsikia mama yake akisema neno la Kiswahili. "Mama yangu yuko ndani," aliniambia, "na mimi siwezi kuingia."

Chumba cha Ba kilikuwa upande wa nyuma wa fleti, dirisha likitazama viyoyozi vya majirani. Kilinuka kafuri na mafuta ya nazi. Ukutani palikuwa na picha moja tu ya Shiva, mungu wake, mwenye koo la buluu, na chini yake rafu ndogo yenye taa ya samli na chungu cha shaba cha kumwagia maji. Godoro langu lilitandikwa chini, miguuni pa kitanda chake. Siku ya kwanza alinitazama sana kabla ya kuuliza, "Wewe wa wapi?" Nikajibu, "Mimi ya Busia, Uganda." Akafumba macho kama aliyeumwa jino. "Si mimi ya. Mimi wa. Wewe si ndoo." Ndivyo masomo yangu yalivyoanza. Kiswahili ninachoandikia haya nilisahihishwa neno kwa neno na bibi wa Kihindi asiyeweza kujifunga vifungo vya blauzi yake.

Tulikula dengu, chapati nyembamba zilizopakwa samli, mabiringanya, na achari kali iliyonitoa machozi. Nyama haikuingia mlango ule. Jumatatu Ba alifunga. Hakula nafaka wala chumvi ya kawaida, ila viazi vilivyokaangwa na jira, karanga na maziwa. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yetu ya kutoka. Alfajiri Haresh alitupeleka kwa gari mpaka Maskati ya zamani, karibu na kasri, kwenye hekalu la Shiva ambalo wafanyabiashara wa Kihindi walilijenga enzi ambazo hata wazee wao hawakuzikumbuka. Yeye mwenyewe hakuingia. Alibaki garini na gazeti lake, kioo kimefungwa.

Mara za kwanza mimi pia nilitaka kubaki mlangoni. Wenzangu wa kanisani, niliosali nao Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko kule, walikuwa wameshaniambia kwamba nimejiuza kwa sanamu, na mmoja aliacha kukaa benchi moja nami. Lakini Ba hakuweza kutembea bila bega langu, kwa hiyo nilivua viatu, nikanawa miguu, nikaingia naye huku nikisema Baba Yetu moyoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Kengele ziligongwa juu ya vichwa vyetu. Kati ya chumba cha ndani lilisimama jiwe jeusi, laini, lisilo na uso wala mikono, na kwa wanaoamini hilo ndilo Shiva. Watu walilimwagia maji na maziwa, wakaliwekea majani ya mti wa bilva. Ba alinieleza sababu. Zamani za zamani miungu na mashetani waliivuruga bahari wakitafuta maji ya uzima, na kabla ya uzima ikatoka sumu ya kuua ulimwengu wote. Shiva akainywa, lakini hakuimeza. Aliishika kooni, na koo likageuka buluu. "Mpaka leo inamuunguza," alisema Ba, kama anayesimulia habari za jirani. "Ndiyo maana tunampoza."

Maji yenyewe yalitoka katika kisima cha hapohapo hekaluni. Bahari iko karibu kiasi cha kusikika, na milima ya pale ni mawe matupu, lakini maji ya kisima kile hayakuwa na chumvi na wala hayakuwahi kukauka, hata miaka ambayo mji mzima ulilia kiu. Hivyo ndivyo Ba alivyosimuliwa na mama mkwe wake, naye alisimuliwa na wakwe zake. Alinifundisha kwamba jiwe la Shiva halizungukwi duara zima. Unakwenda mpaka unapotokea mfereji wa maji, unageuka, unarudi ulikotoka, kwa sababu maji yale hayarukwi. Na mbele ya mlango wa ndani amelala ng'ombe dume wa jiwe, kipando cha Shiva, ambaye watu humnong'oneza haja zao sikioni. Ba alinong'ona kwa Kiswahili. Nilijaribu kutosikia.

Nyumbani nilikuwa daraja, na kila mtu alipita juu yangu. Haresh aliuliza kwa Kiingereza kama mama amelala vizuri, nikamuuliza Ba, Ba akajibu kwamba angelala vizuri zaidi kama mkwewe asingeburuta viti kama mchukuzi wa bandarini, nikamwambia Haresh kwamba mama amelala vizuri. Nilidhani ninafanya wema. Sikuona kwamba Nila, mke wa Haresh, alikuwa anapima urefu wa maneno ya Ba na ufupi wa tafsiri yangu. Nila hakuwa mbaya. Alikuwa mwanamke aliyechoka, mwenye mtoto mdogo, na wifi zake walipiga simu kutoka India kila Jumapili kuulizia mgonjwa kwa sauti ya kutafuta kosa.

Mwisho wa mwaka Haresh alipewa habari kazini kwamba ofisi yao inafungwa na yeye anahamishiwa Kanada. Mke na mtoto wangekwenda naye. Ba angekwenda Rajkot, India, kwa binti yake. Haresh alinituma nimwambie mama yake. Ba alisikiliza, akageuzia uso ukutani, akasema, "Siendi. Nna kazi hapa." Nikatafsiri hivyohivyo. Haresh akauliza kazi gani. Ba akasema, "Kazi tu." Akaulizwa tena siku iliyofuata na wiki iliyofuata, na jibu lilikuwa lilelile, na kila nilipolipeleka sebuleni niliona uso wa Nila unavyonitazama. Ba akienda Rajkot, mimi ningerudishwa kwa wakala, na kwa wakala hujui nyumba gani inakungoja. Walilijua hilo, nami nilijua kwamba wanalijua.

Kisha tukaanguka. Ilikuwa Jumatatu, sakafu imelowa pale watu wanapoosha miguu, na mguu wake dhaifu ukateleza. Nilimkumbatia tukaenda chini wote wawili. Mtu alipiga kelele kwa Kigujarati, na sijui nani alimwita Haresh, ila nilimwona akija mbio ndani ya hekalu na viatu vyake miguuni, watu wakimpisha kwa mshangao. Ba alivunjika kifundo cha mkono, ule mzima aliokuwa anautegemea. Haresh akatupeleka hospitalini. Jioni alisimama kwenye mlango wa chumba chetu akasema hekalu basi, hakuna tena Jumatatu, na nimwambie mama hivyo bila kupunguza.

Nilimwambia. Ba akafunga mdomo. Alikunywa maji, akakubali chai kidogo, lakini chakula hakukitaka. Siku ya pili niliponda viazi kwa maziwa; akageuza kichwa. Siku ya tatu Haresh mwenyewe alikaa kitandani na kijiko mkononi, mtu mzima mwenye mvi, akimbembeleza kwa Kigujarati ambacho mama yake alikuwa hakielewi tena. Ba alimtazama kwa upendo mwingi na hakufungua mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kabati nikikunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba akifa, watasema mimi ndiye niliyekuwa naye.

Mchana ule watu wote walipotoka, nilimpaka mafuta miguuni na nikamwambia wazi. "Ba, ukifa kwa njaa, mimi wataniweka wapi?" Akaniambia nifunge mlango, ingawa fleti nzima ilikuwa tupu. Haresh alipokuwa mchanga, alisema, alishikwa na degedege. Enzi hizo malango ya mji yalifungwa jua likishazama, na hospitali ilikuwa nje ya malango, Mutrah. Mumewe alikuwa safarini. Akambeba mtoto mpaka hekaluni, akamlaza ukingoni mwa kisima, akamwagia maji kichwani huku mwili mdogo ukikakamaa, na akaweka nadhiri. Mtoto akiishi, yeye atakuja kila Jumatatu kwa miguu yake kumpoza Shiva kwa maji ya kisima kile. Na miguu ikimshinda, mtoto mwenyewe atakuja. Degedege liliacha kabla ya mapambazuko. Tangu siku hiyo hakukosa, ila alipokuwa mgonjwa kitandani, na hizo siku alizilipa.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mwanawe. "Mtoto akijua," alisema, "hatakuwa na uhuru wa kunikasirikia. Na mtoto lazima awe na ruhusa ya kumkasirikia mama yake." Kisha akanishika mkono kwa vidole vilivyotokeza kwenye plasta. "Na wewe usimwambie. Akija, aje kwa mapenzi yake. Mwambie tu anipeleke yeye. Aingie. Akifanya hivyo nitakwenda kokote anakotaka."

Nilipeleka ujumbe huo sebuleni jioni, Haresh akiwa hajavua hata tai. Nila akacheka bila furaha. Akasema haya si maneno ya mgonjwa, haya ni maneno yangu. Kwamba mama mkwe hajawahi kumlazimisha mtu kusali. Kwamba kwa miezi yote wamekuwa wakisikia wanachosikia kutoka kwangu, na nani ajuaye anachosema hasa. Haresh hakunitetea. Aliniuliza kwa upole kama ninayo hakika, na upole huo uliniumiza kuliko kicheko. Nikasema ninayo. Akasema kuna mama wa Kiomani, mkwe wa mwenzake wa kazini, anaishi Ansab na familia yake ilitoka Unguja. Angemwomba aje. Kama ningekuwa nimesema uongo, angewapigia wakala kesho yake.

Bi Zuwena alikuja siku ya pili alasiri, amevaa abaya nyeusi na manukato yaliyojaa ngazi nzima. Nilileta kahawa na tende, kisha nikaambiwa nisimame karibu na friji, nisiseme kitu. Ba aliketishwa kwenye kiti cha magurudumu. Bi Zuwena alimwinamia. "Shikamoo, bi mkubwa."

Ba alimtazama yule mgeni, akamtazama mwanawe, akatazama sakafu. Haresh akasubiri. Nila aliweka kikombe mezani, na mimi nikahesabu nguo nilizokuwa nazo, ngapi zingeingia kwenye begi na ngapi ningeziacha. Sijawahi kusikia friji ikinguruma namna ile.

"Marahaba," alisema Ba mwishowe, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya msichana. "Nyinyi wa mtaa gani?"

"Sie wa Malindi ya Unguja, bibi. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko la samaki."

Basi wakaondoka, wote wawili, pale pale walipokaa. Walipita vichochoroni mwa Unguja, wakataja nani aliuza mikate ya ufuta na nani alikuwa na kasuku mwenye matusi, na Bi Zuwena, aliyeondoka Unguja akiwa mdogo, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nila alikohoa. Bi Zuwena akakumbuka kilichomleta, akamuuliza Ba kwa heshima kama huyu mtumishi hufikisha maneno yake sawasawa. Ba alinitazama kule nilikosimama.

"Huyu hasemi uongo," alisema. "Anafupisha tu. Matusi yangu yote anayala yeye."

Bi Zuwena akacheka mpaka akashika kifua, kisha akatafsiri kila neno kwa Kiingereza, pamoja na viti na mchukuzi wa bandarini, kwa sababu Ba alikuwa ameendelea na mifano. Nila akawa mwekundu. Kisha, nashukuru mpaka leo, naye akacheka, akiwa amefunika uso kwa mikono. Ba akamwambia Bi Zuwena haja yake, naye akamgeukia Haresh, uso wake umetulia. "Mama yako anasema umpeleke mandir, hekaluni kwenu, wewe mwenyewe, uingie naye mpaka ndani. Hataki kitu kingine. Wallahi, mwanangu, mimi si wa dini yenu, lakini hilo ni jambo dogo sana kwa mama."

Haresh alikubali, na jioni ileile Ba akaanza kula; tulikwenda siku ya Shivratri, sikukuu kubwa ya Shiva. Foleni ilitoka nje ya geti na kuzunguka ukuta, watu na vyungu vya maziwa vifuani, askari wakipanga magari. Ba alikuwa amekula viazi asubuhi, kidogo. Kiti cha magurudumu hakikuweza kupita, kwa hiyo Haresh alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akambeba mama yake mikononi. Niliona jasho linavyomshuka na anavyotazama kila hatua ya sakafu iliyolowa. Nyuma yetu watu walisukuma. Mbele, mtu alimwaga maziwa yakatiririka chini ya miguu yetu. Nilimshika kiuno kwa nyuma, mtumishi kumshika tajiri wake, na hakuna aliyelitazama hilo. Mara mbili aliyumba. Mara ya pili nilidhani sote tunakwenda chini, na Ba akasema sikioni pake, kwa Kiswahili, "Taratibu, baba," na sijui alielewaje, ila alisimama, akavuta pumzi, akaendelea.

Kuhani aliuliza jina la ukoo ili amtajie mungu. Haresh hakulijua vizuri. Alitaja moja, akasahihisha, watu wakaanza kunung'unika. Nilichota chungu cha maji ya kisima nikamsogezea Ba. Vidole vyake havikuweza kukibeba, basi Haresh, akiwa amemwegemeza mama yake gotini, aliweka kiganja chake chini ya mkono ule wenye plasta, wakainamisha chungu pamoja. Maji yakalishukia jiwe. Ba hakusema maombi ya Kihindi. Alilisemesha lile jiwe kama mtu anayekabidhi kazi.

"Huyu hapa. Nimekuletea mwenyewe, ana mvi. Miguu yangu basi. Sasa mtakuwa mkionana nyinyi wawili."

Haresh aligeuka kunitazama juu ya kichwa chake. "Amesema nini?"

Nilimtazama Ba. Alikuwa amelaza kichwa kifuani mwa mwanawe, amechoka, mwepesi kama nguo. "Mwambie," alisema. "Khalas, yamekwisha."

Tulisogea mpaka ukutani, karibu na kisima, nikamweleza yote, safari hii bila kufupisha: malango, degedege, maji, nadhiri, na sababu ya kunyamaza kwake. Kengele zililia mfululizo, ikabidi nisemee sikioni pake. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza tu ukingo gani, na nilipomwonyesha alienda akauwekea mkono, huku bado amemshikilia mama yake kwa mkono mwingine, akasimama hivyo mpaka watu wakatuomba tupishe.

Ba aliondoka mwezi uliofuata. Kwenye uwanja wa ndege alinisahihisha neno la mwisho, nikalirudia sawasawa, akaridhika. Nila na Mira walitangulia Kanada, na mimi nilibaki wiki chache kumsaidia Haresh kufunga vitu kabla ya kurudishwa kwa wakala, ambako, kwa bahati, Bi Zuwena alikuwa ameshapiga simu kunitaka. Fleti ilijaa maboksi. Asubuhi moja Haresh alikuja jikoni na chai yake, akaniuliza Kiswahili cha umekula ni nini. Nikamwambia. Akauliza umelalaje. Akauliza unanisikia. Aliyarudia maneno akipita kati ya maboksi, akiyakosea, akianza upya, mhasibu mzima anayekariri kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila siku aliongeza mawili matatu. Mimi nilimsahihisha, na nilijisikia nikifanya hivyo kwa sauti ya Ba.

Jumapili iliyofuata aliipokea simu ya Rajkot mwenyewe. Nilinyoosha mkono kama kawaida yangu ili anipe nitafsiri. Akatikisa kichwa. Alitoka na simu mpaka barazani, akafunga mlango wa kioo, nikamwona akisema maneno yake yote, moja baada ya jingine, mpaka yakamwishia. Kisha akanyamaza na kusikiliza. Alisikiliza muda mrefu sana, amesimama juani, macho ameyafumba, na Ba alikuwa akisema, hilo nililiona usoni pake, akisema bila kukoma, mambo ambayo mwanawe hakuweza kuelewa hata robo. Tangu niingie nyumba ile hiyo ndiyo mara ya kwanza ambayo sikujua Ba alisema nini. Haresh hakunigeukia. Niliona midomo yake ikisema neno moja, kisha ikalisema tena. Ndiyo, mama. Ndiyo.